Sanduku Namba Tisa

Kwa miaka ishirini na tisa mjomba wangu alipanda korongo kila Alhamisi, jua liwake au mvua inyeshe, kwenda kupiga simu ambazo hakuwa na shida ya kuzipiga. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ukiiona ya kijinga, ni kwa sababu hujawahi kuvunjika mguu mahali ambapo ukipiga kelele mawe ndiyo yanayokujibu.

Kituo chetu kinasukuma maji ya mji. Maji yenyewe yanatoka milimani, yanashuka kwa bomba ndani ya korongo lenye kuta ndefu hivi kwamba hata jua linaingia mle kwa kuomba ruhusa. Simu ya mkononi humo ni uzito wa mfukoni tu, mtandao haujawahi kufika. Waliwahi kuleta mashine za betri, unyevu ukazila kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo kando ya bomba yamebaki masanduku tisa ya chuma yenye rangi ya machungwa iliyopauka, na ndani ya kila moja kuna simu ya kukoroga. Unafungua kimlango, unashika mpini, unauzungusha kwa nguvu mara sita au saba. Sumaku iliyo ndani inazunguka, inazaa umeme kidogo, na kengele inalia mezani kwangu. Simu hiyo haitaki betri wala vocha. Inataka mkono.

Waya ni mmoja kwa masanduku yote tisa. Kengele ikilia, mimi niliyekaa chumba cha simu sijui imelia kutoka sanduku gani mpaka mpigaji mwenyewe aniambie. Hapo ndipo palipotuponza.

Wafanyakazi walimwita mjomba Mkorogo, kwa ajili ya simu zake, naye alivyo mweusi tii, mtu ambaye mkorogo wa kujichubua ngozi haujawahi kumgusa, jina likawachekesha mara mbili. Hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mfuko wa ngozi begani ambamo alibeba koleo, bisibisi, grisi na kitambaa cha kufutia. Ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa darasa la pili, mama alipofariki. Aliniita mama, maana jina langu ni la bibi aliyemzaa. Hata nafasi yangu ya kukaa chumba cha simu aliniombea yeye. Alisimama mbele ya mkuu wa kituo akiwa ameshika kofia mkononi, akasema, "Huyu binti ana masikio." Ndiyo sifa pekee aliyonitolea, na ikatosha.

Basi Alhamisi zetu zilikuwa hivi. Saa moja na nusu asubuhi kengele inalia.

"Moja hapa."

"Sawa, moja. Habari za huko?"

"Huku mawe tu, mama. Mawe hayana habari."

Naweka alama kwenye daftari. Baada ya nusu saa, mbili. Kisha tatu. Tulikwenda hivyo mpaka mchana, yeye akipanda na mimi nikiweka alama, na baada ya miaka kumi nikawa nalijua kila sanduku kwa sauti yake. Namba mbili ina vyura. Namba tano upepo unapiga mluzi. Namba nane kuna ndege fulani anayelia kama bawaba iliyokosa mafuta. Na namba tisa, iliyo juu kabisa kwenye banio, pale mto unapozibwa na ukuta ili maji yaingie kwenye bomba, kuna kishindo cha maji yanayomwagika juu ya ukuta. Kutoka tisa mjomba alilazimika kupiga kelele. Kati ya nane na tisa pana ngazi za saruji zilizobandikwa kwenye jabali, mia tatu na kumi na mbili. Alizihesabu yeye.

Kisha magoti yakamgeuka. Kwanza alianza kuchelewa. Nane ilizoea kulia saa tano, ikawa saa sita, ikawa saa saba. Daktari wa zahanati alimwambia asipande tena ngazi, naye akamsikiliza jinsi mtu anavyosikiliza tangazo la redio. Lakini alikwenda kwa mkuu wa kituo, hilo nataka lijulikane. Alikwenda na kofia mkononi vilevile, akaomba apewe msaidizi au kazi ya chini. Mkuu akampigapiga bega. "Vumilia mzee wangu. Imebaki mwaka tu ustaafu." Mtu anayekuambia uvumilie huku amekalia kiti chenye mto, mimi huwa namtazama mara mbili.

Alhamisi moja kengele ililia saa nane kasoro.

"Nane hapa."

"Sawa, nane."

Baada ya dakika kama ishirini ikalia tena.

"Tisa hapa," alisema mjomba, kwa sauti ya mtu aliyekaa sebuleni. Hakukuwa na kishindo cha maji. Yule ndege alilia mara mbili, karibu kabisa na simu.

Nilishika kalamu. Nakumbuka wino ulianza kuvuja na kufanya doa kwenye karatasi. Kisha nikasema, "Sawa, tisa," nikaweka alama.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mjomba ilifupika kwa ngazi mia tatu na kumi na mbili. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Zilifika kumi na saba.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema. Nitawajibu, ingawa jibu lenyewe limenichosha. Mtu aliyekufunga kamba za viatu ukienda shule, aliyekaa macho ukiumwa surua, unamwambiaje kwamba anasema uongo? Unaanza na neno gani? Tena nilijipa moyo kwamba tisa haina kazi. Watu hufika kule mara chache, kikosi cha kuondoa tope kikipanda baada ya mvua kubwa. Mwaka ule ukiisha mjomba angestaafu, angekuja kijana mwenye magoti mazima, na mambo yangekwisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Sote wawili tulikuwa tumelishika kombe hilo, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mvua kubwa zikaja. Siku ya Ijumaa kikosi cha watu watano kikapanda banioni na mnyapara wao, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hajawahi kunipita bila kunitania kwamba nalipwa kwa kukaa. Siku ile kengele ililia saa tisa na nusu mchana, na mlio wake ulikuwa wa mtu anayekoroga kwa hasira.

"Sanduku namba ngapi?" niliuliza, maana ndivyo tulivyofundishwa kuanza.

"Nane! Tisa imekufa, dada! Tumekoroga mpaka ngozi imenitoka mkononi, hakuna kitu! Jiwe limemponda mtu mguu, tumemteremsha kwa ngazi mgongoni. Leteni machela! Leteni gari, upesi!"

Niliita watu wa machela, nikaita gari la wagonjwa, nikaita zahanati wajiandae. Nasema kweli, niliifanya kazi yangu vizuri. Kisha nikaandika kwenye daftari: *Saa tisa na nusu. Namba nane. Ajali, mguu.* Kwamba tisa imekufa sikuandika. Daftari lina safu ya saa, safu ya namba na safu ya tukio. Nilijiambia halina safu ya malalamiko.

Aliyeumia alikuwa mchimbaji, baba wa watoto wawili, mtu wa kucheka sana. Jiwe lilimwangukia saa sita. Walipoteza saa nzima wakiikoroga ile simu kwa zamu, kisha saa mbili na nusu wakimteremsha kwenye ngazi zenye utelezi, mguu ukigonga kila walipogeuka. Mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema kama machela ingemfuata kule juu mapema, labda.

Sheria ya kituo imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: majeruhi asiondolewe alipo kabla simu haijapigwa. Nalo daftari langu, kwa mwandiko wangu, lilisema sanduku namba tisa lilipimwa Alhamisi, siku moja kabla ya ajali, na lilikuwa zima.

Jumamosi haikuwa siku ya mjomba ya kazi. Alimuaga mkewe kwamba anakwenda kumsalimu rafiki, akatoka alfajiri na mfuko wake wa ngozi. Mimi nilikuwa zamu. Saa saba mchana kengele ililia kwa unyonge, mizunguko mitatu minne, ikanyamaza, ikaanza tena. Nilipoinua mkono wa simu maji yaliniingia sikioni. Kishindo chote kile cha banio, ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi minne.

"Tisa hapa!" mjomba alipiga kelele.

"Sawa, tisa," nikasema.

Hakuweka simu chini. Nilimsikia akihema. Nami sikuweka yangu. Tulikaa hivyo kwa muda, maji yakinguruma katikati yetu, halafu laini ikakatika. Nilikuja kujua baadaye kwamba alishuka zile ngazi kwa makalio, moja baada ya moja.

Siku ile moja aliyoifanya kazi yake kama inavyopasa ndiyo iliyommaliza mnyapara. Jumatatu ofisa usalama alipanda korongo na watu wawili, akafika tisa, akakoroga mara tatu, na kengele yangu ikalia kama ya kanisa. Alirudi na tabasamu. Mnyapara akaandikiwa barua: amemwondoa majeruhi bila kupiga simu, ametoa maelezo ya uongo, afike kikaoni Jumatano aeleze kwa nini asifukuzwe. Miaka kumi na minne ya kazi, na vijana wale wanne aliokuwa nao wakaambiwa wanamtetea kwa kuwa anawagawia zamu nzuri.

Jumanne baada ya kazi nilikwenda kwa mjomba. Nilimkuta uani, suruali amekunja, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Magoti yalikuwa yamevimba na ngozi imechubuka.

"Kesho kuna kikao," nilisema.

"Nimesikia."

"Utakwenda?"

"Nimeitwa. Nitafanyaje?"

Nikangoja. Akachota maji kwa kiganja akajimwagia gotini. Kisha akasema bati la jikoni linavuja tena, nami nikasema nitamleta fundi, na mazungumzo yakaishia kwenye bati. Nilitembea kurudi chumbani kwangu nikiwa na hasira naye, nikiwa na hasira na mimi mwenyewe, na nimechoka kiasi kwamba nililala na viatu.

Kikao kilikuwa chumba cha mikutano, chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Mkuu wa kituo alikaa katikati, ofisa usalama pembeni yake na daftari langu mbele yao. Mjomba alikaa karibu na mlango. Mnyapara alisimama, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji.

"Simu ilikuwa imekufa," alisema. Sauti yake ya kukwaruza ilikuwa imekwisha. "Nimesema mara ngapi? Tazameni mkono."

"Mkono wa mnyapara hauko mbali na sururu," alisema ofisa usalama. "Lengelenge si ushahidi."

"Nilimwambia dada wa simu. Siku ileile, saa ileile. Nilimwambia tisa imekufa. Muulizeni."

Wakanigeukia wote. Mjomba peke yake hakunitazama, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hapa umeandika namba nane, ajali, mguu," alisema mkuu wa kituo, akipitisha kidole kwenye mstari. "Hakuna maneno kwamba tisa imekufa. Alikuambia au hakukuambia?"

Neno moja lingetosha. Hapana. Mjomba angemaliza miezi yake, angeagwa kwa soda na saa ya ukutani, na mnyapara angekwenda kutafuta kibarua kwingine akiwa na jina la mwongo ambaye uzembe wake ulimkata mtu mguu. Nilimtazama mnyapara. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekwisha kujua atajibiwa nini, na hilo ndilo lililonishinda.

"Aliniambia," nilisema. "Sikuandika."

"Kwa nini hukuandika?"

"Kwa sababu nilijua ni kweli. Sanduku namba tisa lilikuwa halijapimwa kwa Alhamisi kumi na saba. Simu zilipigwa kutoka nane. Mimi nilisikia, nikaweka alama."

Ofisa usalama alifunga daftari, akalifungua tena. Mkuu wa kituo aligeuka polepole kuelekea mlangoni.

"Mzee, haya ni ya kweli?"

Mjomba alisimama. Ilimchukua muda, alishika kiti kwanza, kisha ukuta. "Ni kweli," alisema. "Waya ulikuwa umeliwa na panya. Nimeuunga Jumamosi. Huyo mtoto hasemi uongo."

Ningependelea anitukane.

Mnyapara alibakishwa kazini. Tulipotoka alinisubiri kwenye korido, akaniambia, "Asante, dada. Lakini umechelewa," akaondoka kwenda hospitali kumwona mtu wake. Mjomba aliachishwa siku ileile, miezi minane kabla ya kustaafu, akakabidhi ufunguo wa masanduku na ule mfuko wa ngozi, kumbe haukuwa wake, ulikuwa na namba ya kituo. Mimi nilipewa onyo la maandishi na bado nakaa kwenye kiti kilekile, kwa kuwa hakuna mwingine anayekitaka. Na mkuu wa kituo, aliyemwambia mtu mwenye magoti mabovu avumilie? Huyo aliandika taarifa ndefu kuhusu uaminifu kazini, ikabandikwa ukutani.

Mke wa mjomba alinifungia mlango. Nilikwenda mara ya kwanza akaniambia kupitia dirishani, "Kikulacho ki nguoni mwako," nikarudi. Nilikwenda na fundi wa bati, akampokea fundi, akaniacha nje. Jumapili ya tatu alifungua, akanitazama usoni, akasogea pembeni. "Yuko chumbani. Hali chakula vizuri."

Mjomba alikuwa amejilaza juu ya shuka, dawa ya kuchulia inanuka chumba kizima. Amekonda. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Niliuliza kama bati bado linavuja, akasema halivuji. Nilisema mchimbaji ametoka hospitali, anajifunza kutembea kwa magongo. Alisema amekwenda kumwona, kwa miguu yake, na kwamba yule bwana alimpa kiti, akamcheka jinsi anavyochechemea, akasema sasa wako wawili.

"Ulijua tangu lini?" aliniuliza baadaye.

"Tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na maji. Nilimsikia ndege."

Alitikisa kichwa juu ya mto, bila kushangaa. "Nilijua unajua. Masikio yako nayafahamu. Kila nilipokuambia tisa hapa, nawe ukasema sawa, niliendelea kushika simu. Sijui kama uliona. Nilikuwa nangoja useme kitu."

"Ungesema wewe, mjomba."

"Nilishindwa kuanza. Mtu mzima anaanzaje, mbele ya mtoto wake?"

"Na mimi ningeanzaje?" Nililia hapo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. "Wewe ndiye uliyenilea. Ningekuambia nini? Kwamba unanidanganya?"

Alifikiri. Aliweka kiganja juu ya goti la kulia akalisugua, kama alivyokuwa akifanya kila siku kwa zaidi ya mwaka, mbele ya macho yangu.

"Ungeniuliza tu magoti yanaendeleaje," alisema. "Mengine ningesema mwenyewe."

Kwa Alhamisi zote kumi na saba sikuwa nimemuuliza.